Godoro la Mama

Wengi waendao Lamu huenda kuuona mji. Huenda kuiona Ngome iliyokamilika kujengwa mwaka 1821, Msikiti wa Riyadha, milango ya nakshi, na punda wanaopishana na watu katika vichochoro. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, basi si ajabu wageni kuuendea. Mimi nimezaliwa humo na kuolewa Mombasa, na safari yangu ya mfungo mosi uliopita haikuwa ya kuuona mji. Nilikwenda kwa sababu ya godoro.

Habari ilinifikia kwa simu, kutoka kwa binti wa kaka yangu, msichana wa miaka 13 ambaye hulala chumba kimoja na bibi yake. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Shangazi, usimwambie bibi kuwa nimekwambia. Kitanda kipya hakilalii. Taa ikizimwa hushuka akatandika mkeka sakafuni, na alfajiri huukunja kabla ya baba kuingia."

Yafaa nieleze asili ya kitanda chenyewe. Mama alikuwa na samadari ya zamani, yenye matendegu yaliyokerezwa, mifumbati mipana, na nguzo nne za kutundikia chandalua. Ilikuwa imeinuka sana, hata mtu mfupi aliipanda kwa kistuli. Kuinuka kule kulikuwa na maana yake katika nyumba za mawe: hewa ilipita chini, unyevu wa sakafu haukumfikia aliyelala, na uvunguni paliwekwa masanduku. Juu ya samadari hiyo ndiko tulikozaliwa sisi sote watatu.

Mwaka jana, Mama akishuka kabla ya alfajiri kwenda kutia udhu, mguu wake ulikikosa kistuli akaanguka. Alhamdulillahi, hakuvunjika, lakini kifundo cha mkono kiliteguka, na magoti yake, yaliyokuwa yakimsumbua tangu hapo, yakazidi. Sisi watoto tukashauriana kwa simu, kila mmoja na mji wake. Tukaafikiana kuwa samadari iondolewe, na fundi achonge kitanda cha chini cha mtindo wa siku hizi: fremu ya mbao isiyo na springi wala kamba, na juu yake ubao mmoja bapa wa kulazia godoro. Kaka alimlipa fundi, mdogo wangu akanunua chandalua na mashuka, nami nikapewa jukumu la godoro.

Nililinunua Mombasa kwa zamu yangu ya chama. Dukani nilipita nikibonyeza magodoro kwa kiganja, moja baada ya jingine, nikachagua lililokuwa laini kuliko yote na nene kuliko yote, la inchi 10. Nilijiambia kwamba mama aliyetulea juu ya magodoro ya usufi yaliyokonda anastahili kulala juu ya wingu. Lilipopakiwa kwenye basi nilihisi kama niliyekwisha kuipata radhi yake. Naye alipolipokea alinipigia simu akaniombea dua ndefu. Sikuwa na sababu ya kushuku lolote hadi siku ile msichana aliponinong'oneza.

Basi liliondoka Mombasa alfajiri. Tulivuka daraja la Kilifi, tukapita Malindi na mto Sabaki, kisha tukaingia katika nchi tambarare ya Tana. Karibu na Garsen barabara ya Lamu huachana na ile ya kwenda Garissa, na kuanzia hapo ni Witu, Hindi, hadi Mokowe. Zamani kipande hiki kilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Sasa kimetiwa lami, ingawa vizuizi vya ukaguzi vingalipo, na abiria hushuka kuonyesha vitambulisho. Juu ya basi letu palikuwa na magodoro mawili yaliyokunjwa na kufungwa kamba. Gatini Mokowe niliyatazama yakishushwa na kutiwa mashuani pamoja na magunia ya vitunguu, na tulipofika Lamu niliyaona tena yakipandishwa juu ya mkokoteni. Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo mwenyeji kama mimi sikupaswa kulisahau: kitu kizito kikishafika Lamu, kukirudisha dukani Mombasa ni gharama ya mkokoteni, ya mashua na ya basi. Mwenye duka hukwambia lirudishe ukiona halikufai. Bahari haisemi hivyo.

Nyumba yetu ipo Mkomani, upande wa kaskazini wa mji. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye kuta nene. Katika nyumba hizi boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa chumba, kwa kuwa boriti moja huweza kufunika takriban mita 3 au pungufu. Kwa hiyo vyumba huwa virefu lakini vyembamba. Chumba cha Mama ni cha chini. Kitanda kipya, futi 4 kwa 6, kilikuwa kimesukumwa ukutani, na godoro langu juu yake limejaa kama mkate uliofura, limetandikwa shuka safi lisilo na mkunjo hata mmoja. Nilipoliona lile shuka nilijua kuwa msichana amesema kweli.

Mama hakusema neno. Alinikaribisha, akanilisha, akaniuliza hali za wajukuu mmoja mmoja. Usiku ulipoingia alipanda kitandani mbele ya macho yangu, ili nimwone. Nami nililala kitanda cha pili pamoja na msichana, nikasikiliza. Nilimsikia akijaribu kugeuka. Mkono wake ulitafuta mahali pa kusukumia, ukazama. Akatafuta mfumbati, ukawa mbali. Akapumzika, akajaribu tena. Nilivumilia hadi mara ya tatu.

"Mama," nikasema, "shuka utandike mkeka. Najua."

Alinyamaza kitambo, kisha akacheka kidogo gizani. Mama yangu husema Kiamu cha wazee wake, na maneno yake ningali nayakumbuka. "Godoro ni zuri, mwanangu. Lakini lanimeza. Nikiwa yuu yake sina pa kushika. Nikilala tini, ardhi yanisukuma, nainuka."

Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Akajibu, "Mliniuliza dawa ipi yanifaa, mliniuliza daktari gani namtaka. Kitanda hamkuniuliza. Mtu akiletewa zawadi, hunena nini ila shukrani?"

Sikupata jibu. Nilimtandikia mkeka, kisha mimi mwenyewe nikalala juu ya lile godoro. Nilitaka kujua nilichomnunulia. Kiuno changu kilizama, mabega yakabaki juu, na kabla ya saa moja kupita mgongo wangu wote ulikuwa umelowa jasho. Nikakumbuka kuwa dukani sikulala juu yake hata kidogo. Mwanamke wa Kiislamu atajilazaje dukani, mbele ya wanaume wanaopita? Nilibonyeza kwa kiganja, na kiganja hakina uzito wa mtu wala hakilali usiku kucha.

Asubuhi kidogo nami nilikuwa na maumivu, lakini Mama naye aliamka akilishika bega la kulia. Hulala kwa ubavu wa kulia, kama ilivyo sunna, na sakafu ilikuwa ikilibana bega na nyonga. Basi mkeka nao haukuwa dawa. Ulikuwa ukimwinua kwa magoti na kumuumiza kwa bega, naye alikuwa amechagua maumivu aliyoweza kuyastahimili.

Kaka yangu alimwita fundi aliyekichonga kitanda, mzee wa Langoni. Tuliliinua godoro tukaliegemeza ukutani. Chini yake, juu ya ule ubao, palikuwa pamelowa, na kitambaa cha godoro kilikuwa kimeanza madoadoa meusi ya kuvu. Mzee alipapasa ubao kwa kidole. "Ubao mzima haupumui," alisema. "Jasho la mtu na unyevu wa ukuta vitatokea wapi? Mlitaka ubao bapa, nikawapa ubao bapa. Mlitaka kitanda cha chini, nikawapa cha chini. Hamkuniambia kwamba godoro litakuwa la inchi 10."

Nikachukua futi ya kushonea ya wifi yangu, tukapima. Kitanda kilikuwa inchi 12 kutoka sakafuni. Ukijumlisha godoro, Mama alikuwa akipanda inchi 22. Tulimkalisha kwenye kiti, tukapima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake: inchi 17. Tulikuwa tumeondoa samadari kwa sababu ya kuinuka kwake, kisha tukakirudisha kimo kile kwa sponji, na safari hii bila kistuli.

Fundi aliuondoa ubao akaweka chaga, kila moja upana wa inchi 3, na kati ya chaga na chaga akaacha nafasi ya inchi 2. Alisema nafasi ikizidi inchi 3 sponji huanza kutumbukia kati ya mbao na godoro huharibika mapema. Katikati akatia mti mmoja wa kuzishikilia. Kitanda chenyewe tukakisogeza, kikaachana na ukuta kwa upana wa kiganja.

Ikabaki kazi ya godoro, na mara hii tulianza kwa kumuuliza mwenye kulilalia. Mama alitaka mambo matatu: apate pa kusukumia akigeuka, bega lisiumie, na miguu ifike sakafuni akikaa. Hakutaja unene wala sura.

Tulizungumza juu ya kila aina inayopatikana kwetu. La springi kaka alilikataa, kwa kuwa hewa ya chumvi hula chuma, na aghalabu magodoro hayo ni manene. La usumba Mama alilijua tangu utotoni. Makumbi ya nazi hufukiwa ufuoni miezi kadhaa hadi yalainike, kisha wanawake huyaponda wakatoa nyuzi. Nyingi zilisokotwa kamba, na nyingine zilijazwa magodoro. Mzee wa Langoni alitukumbusha kuwa Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokewa akieleza kwamba firasha ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ilikuwa ya ngozi iliyojazwa nyuzi za mtende. Usumba wetu ni ndugu wa nyuzi hizo. Ni mgumu, hewa hupita ndani yake, na hudumu. Lakini kwa bega la Mama ungekuwa hauna tofauti kubwa na mkeka.

Usufi nao una wema wake. Ni nyuzi nyepesi zinazotoka ndani ya maganda ya msufi, kila uzi una uwazi ndani kama mrija, na maji hayaupenyi upesi. Ndiyo sababu zamani ulijazwa katika maboya ya kujiokolea baharini. Hauhifadhi joto la mwili kama sponji laini. Aibu yake ni kwamba hushikana mabonge ukawa na mashimo, basi hutaka kuanikwa na kupigwa kwa fimbo mara kwa mara, na baada ya miaka kufumuliwa na kuchambuliwa upya. Mama alikumbuka siku za kuchambua usufi uani, wanawake wamefunga mitandio puani, na mbegu zikirundikana pembeni.

Basi tukaamua kuviunganisha: chini sponji ngumu ya inchi 4, ili apate pa kusukumia, na juu yake tandiko jembamba la usufi, ambalo mtu akilala hubakia takriban inchi 1, ili bega na nyonga vipate kuzama kidogo. Pamoja na kitanda cha inchi 12, jumla inchi 17, sawa na goti lake.

Kwa sponji sikurudia kosa la Mombasa. Nilimweleza mwenye duka wa Usita wa Mui, ile njia kuu inayoupitia mji, kwamba anayenunuliwa ni mama mtu mzima na hawezi kuja kujilaza dukani. Nilimwomba atuletee magodoro mawili nyumbani, nailoni zake zisitolewe, tumlipe moja na kumrudishia la pili. Alikubali bila taabu. Alisema hata wake zao hufanya hivyo. Yakaja kwa mkokoteni baada ya swala ya alasiri, na wanaume wote wakatoka chumbani.

Mama alilala juu ya kila moja robo saa, kwa ubavu wake aliouzoea. Nilimfundisha binti wa kaka kusimama nyuma ya bibi yake na kuutazama uti wa mgongo, kama umenyooka au umepinda kama upinde. Alipolala chali nilipitisha mkono chini ya kiuno chake. Pakiwa na uwazi mkubwa, godoro ni gumu mno. Mkono ukikataa kupita, ni laini mno. Kwenye la kwanza mkono uligoma. Kwenye la pili ulipita kwa kusuguana na nguo, na Mama aligeuka upande wa pili peke yake, akasema, "Hili." Kwa bei lilikuwa chini ya nusu ya lile langu.

Tandiko la usufi lilishonwa na fundi wa magodoro kwa siku mbili. Usiku wa tatu nililala tena chumbani mwao. Kabla ya adhana nilimsikia Mama akigeuka, akaweka kiganja juu ya godoro, akaketi. Miguu yake ilifika chini. Alikaa hivyo kidogo, mikono magotini, kama anayehakikisha kwamba sakafu ingalipo, kisha akasimama bila kushika kitu na kwenda kutia udhu. Mimi nilijifanya nimelala. Siku zote hapo nyuma alikuwa yeye anayejifanya.

Ndugu msomaji, huenda nawe una mzazi, au binti anayetayarishiwa nyumba, au wewe mwenyewe umechoka na mgongo wako. Kitanda cha mtindo huu wa ubao bapa ni kizuri na hakina makelele, lakini hakina springi ya kusitiri makosa ya godoro. Jinsi godoro lilivyo ndivyo utakavyolala. Pima goti la mwenye kitanda kwanza, utoe kimo cha kitanda, kitakachobaki ndio unene wa godoro lako. Taka chaga badala ya ubao mzima, hasa sisi wa pwani. Kama ubao umekwisha kuwekwa, mwite fundi autoboe matundu mengi, na uliinue godoro walau mara moja kwa wiki lipigwe na upepo. Mtu mzito huhitaji sponji iliyoshiba, isiyobonyea hadi chini. Alalaye kwa ubavu huhitaji ulaini kidogo kwa juu. Chumba kikiwa chembamba kama vyetu vya Lamu, usipapie kitanda cha 6 kwa 6 kikamnyima mtu njia ya kupita usiku. Wala usione haya kumwomba mwenye duka akuletee godoro nyumbani, kwani haya ya kulala dukani ni haki yako.

Lile godoro la inchi 10 tulilivua kitambaa, tukakifua na kukianika, na sponji yenyewe tukaipandisha darini ikapigwa na jua siku mbili, kwa kuwa kuvu ilikuwa haijaingia ndani. Sasa yupo juu yake kijana wa kaka yangu, juu ya kitanda cha chaga cha ghorofani, naye analisifu. Samadari imefunguliwa vipande na kuwekwa chini ya ngazi. Nilimuuliza Mama, mara hii nikamuuliza, tuifanyeje. Akasema isiuzwe, binti wa kaka akiolewa atapewa, na magoti yake yangali mazima.

Wiki iliyopita msichana alinipigia tena simu. Nilishtuka kidogo. Alitaka kuniuliza tu kama aruhusiwe kuuchukua ule mkeka akadurusu juu yake barazani, kwa sababu bibi hautumii tena.